Usambara: Mali hulimwa juu, bei hupangwa chini

MFANYABIASHARA anayeshuka Mombo kwa mara ya kwanza, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 300 kutoka Dar es Salaam, hukuta nchi mbili mahali pamoja. Upande mmoja wa barabara kuu iendayo Moshi na Arusha kuna tambarare yenye joto, mikonge na vichaka vya miiba. Upande wa pili umesimama mlima, umepanda ghafla kama ukuta wa nyumba, na mara nyingi wingu limekaa juu yake. Ndani ya wingu hilo ndimo zinamotoka kabichi, karoti, pilipili hoho, njegere na plamsi ambazo mama wa nyumbani wa Ilala au Magomeni hununua bila kuuliza zimetoka wapi.

Kutoka Mombo barabara ya lami hupanda kupitia Soni hadi Lushoto mjini. Ni kama kilomita 33 tu, lakini katika kilomita hizo gari huinuka karibu meta 1,000. Upande mmoja ni mwamba, upande mwingine ni korongo na mto. Fuso mbili zikikutana penye kona, moja husubiri. Msimu wa masika udongo ukiporomoka, zote husubiri, pamoja na shehena zake.

Anayetaka kuelewa biashara ya Usambara aanze na kilomita hizo 33. Mkulima wa mlimani anajua kulima, na mlaji wa mjini anataka kula. Lakini kati yao ipo njia nyembamba, mali ambayo haivumilii kungoja, na bei ambayo hupangwa na watu wasiouona mlima. Mwenye mtaji mdogo anayefikiria kuingia huko, iwe kwa kununua mboga, chai, viungo au hata hatifungani, atakuta swali ni lile lile: hasara ikitokea njiani, nani ataibeba?

UKUTA UNAOZUIA MVUA

Milima ya Usambara iko Mkoa wa Tanga, kaskazini mashariki mwa Tanzania. Ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, ile safu ya milima ya kale inayoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa. Usambara yenyewe imegawanyika mara mbili, na katikati hupita bonde la mto Lwengera. Usambara ya Magharibi ndiyo yenye Lushoto, Soni, Bumbuli, Mlalo na Mtae, na vilele vyake hupita meta 2,200 kutoka usawa wa bahari. Usambara ya Mashariki ni fupi kidogo, iko karibu zaidi na bahari, na humo ndimo ilimo Amani, kwenye meta 900 hivi.

Umbali huo kutoka baharini ndio unaoamua kila kitu. Pepo zinazotoka Bahari ya Hindi zikiwa zimebeba unyevu hukutana kwanza na Usambara ya Mashariki, na hapo humwaga mvua. Amani hupata kiasi cha milimita 1,900 kwa mwaka au zaidi. Lushoto hupata karibu nusu yake. Upande wa pili wa mlima, kule Mombo na kuelekea Mkomazi, mvua huwa chache kiasi kwamba mahindi bila kumwagilia ni bahati nasibu. Kwa hiyo ndani ya mwendo wa saa chache za gari mnunuzi anaweza kupita katika nchi ya mkonge, nchi ya mboga za baridi na nchi ya hiliki.

Mvua zenyewe huja mara mbili: masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kati ya Juni na Septemba mlima huwa na baridi na mvua haba, na hapo ndipo mabonde yanapopanda thamani. Mkulima mwenye kipande cha bondeni, penye mto na mfereji, huvuna wakati mwenzake wa mteremkoni anatazama mbingu. Ndiyo maana kipande kidogo cha bondeni hugombewa, huku eneo kubwa zaidi la mteremkoni likikodishwa kwa bei ya chini au likiachiwa migomba.

Ardhi yenyewe ni kidogo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu karibu watu 492,000 katika Wilaya ya Lushoto, yenye eneo la kilomita za mraba kama 3,500, kabla Bumbuli haijapata halmashauri yake. Ukitoa misitu ya hifadhi kama Magamba, mashamba ya miti ya Shume, na tambarare kavu ya Umba, mahali palipobaki pa kulima hapatoshi. Baba aliyerithi vipande vitatu huwaachia wanawe kipande kimoja kimoja. Vijana wengi wamechagua kushuka, na baadhi yao ndio madalali wanaopokea mizigo ya shangazi na wajomba zao mjini.

MSITU ULIOWADANGANYA WENYE HISA

Mlima huu umewahi kuwatia hasara wawekezaji, na habari yao inafaa kusomwa na kila mwenye fedha za akiba.

Katika miaka ya 1890 Wajerumani waliuona msitu wa Usambara ya Mashariki, miti yake mirefu na mikubwa, wakakata shauri kwamba udongo uliozaa miti hiyo lazima una rutuba isiyokwisha. Kampuni zikaundwa Ujerumani, hisa zikauzwa, msitu ukafyekwa, kahawa ikapandwa. Reli ikaanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, na mwaka 1905 ikafika Mombo. Kwenye vitabu vya hesabu kila kitu kilikuwa sawa.

Kahawa ilianza vizuri, kisha ikadhoofu. Rutuba ya Amani haikuwa ardhini. Ilikuwa katika miti yenyewe na katika majani yaliyooza juu ya ardhi. Udongo wa chini ulikwisha kuoshwa na mvua za karne nyingi, mwekundu, wenye tindikali, hauna akiba. Msitu ulipoondoka, rutuba iliondoka nao. Wakati huo huo Brazili ilikuwa ikimwaga kahawa sokoni na bei ya dunia ikashuka. Wenye hisa walipata pigo la udongo na pigo la bei kwa pamoja.

Kilichookoa mitaji ya Kijerumani kilitoka bondeni. Mkonge, ulioletwa mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf, ambao miche yake 62 tu ndiyo iliyofika hai, ulistawi katika tambarare ile ile kavu ambayo wapanda kahawa waliidharau. Hadi katikati ya miaka ya 1960 Tanganyika, na kisha Tanzania, ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Huko Amani serikali ya Kijerumani ilifungua kituo cha utafiti wa kilimo na mimea mwaka 1902, yaani utafiti ulifika baada ya fedha kupotea. Mtindo huo haujafa hata leo.

Liko na jambo jingine ambalo wenyeji hulisimulia kwa kicheko chenye uchungu. Yale maua madogo ya zambarau yanayouzwa katika vyungu madirishani Ulaya na Marekani, yakiitwa kwa Kiingereza urujuani wa Afrika, asili yake ni mawe ya mito ya Usambara. Ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyachukua mwaka 1892, na leo ni biashara kubwa ya bustani katika nchi za baridi. Mlima haukulipwa hata senti.

TENGA MIA MOJA

Turudi kwenye mboga, kwa kuwa ndizo zinazozungusha fedha za kila siku Lushoto.

Mnunuzi wa mali mbichi ana njia kadhaa. Yupo anayepanda mwenyewe hadi kijijini, akatazama bustani ingali shambani, akanunua yote kwa makadirio ya macho na kuleta vibarua wake wavune. Yupo anayesubiri Soni au Lushoto siku ya gulio, mkulima amletee kichwani. Na yupo asiyetoa fedha kabisa siku hiyo: huchukua mzigo kwa mali kauli, yaani mkulima atalipwa baada ya mzigo kuuzwa mjini. Njia hii ya tatu ndiyo rahisi kwa mwenye mtaji mdogo, na ndiyo inayozaa ugomvi mwingi.

Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu, tarakimu zake zimewekwa ili kuonyesha namna fedha zinavyotembea, si bei za wiki hii. Mnunuzi anachukua tenga 100 za nyanya kwa sh. 20,000 kila moja, jumla sh. 2,000,000. Usafiri, upakiaji, ushuru na kamisheni ya dalali vinamgharimu sh. 8,000 kwa tenga, yaani sh. 800,000. Akifika Dar es Salaam mapema na kuuza kwa sh. 32,000, anakusanya sh. 3,200,000. Faida ni sh. 400,000.

Sasa gari likwame siku moja juu ya Soni. Tenga 10 zimeoza. Zilizobaki zimelainika, na asubuhi hiyo mzigo wa Ilula, Iringa, umekwisha kuingia sokoni, kwa hiyo bei ni sh. 30,000. Tenga 90 zinaleta sh. 2,700,000. Aliyelipa taslimu shambani amepata hasara ya sh. 100,000. Hakukosea bei, hakudanganywa, ila amechelewa siku moja.

Lakini kama mzigo ulikuwa wa mali kauli, hadithi hubadilika. Mchuuzi atatoa kwanza gharama zake sh. 800,000. Kisha, akiwa mgumu wa roho, atatoa na faida yake ile ile ya sh. 400,000. Kinachobaki ni sh. 1,500,000, na hizo ndizo zinazopanda mlima. Mkulima aliyeahidiwa sh. 20,000 kwa tenga anapokea sh. 15,000, pamoja na maelezo marefu kwamba soko lilikuwa baya. Hana risiti ya dalali, hana simu ya mnunuzi wa mwisho, na hawezi kuzirudisha nyanya shambani.

Simu za mkononi zimepunguza giza hilo kwa kiasi. Mkulima wa Mlalo anaweza kumpigia ndugu yake Mabibo au Ilala kabla ya jua kuchomoza na kuulizia bei. Anachokosa ni pa kuuweka mzigo iwapo bei ni mbaya. Kujua bei bila ghala la baridi ni kujua tu kiasi cha hasara yako mapema.

Ushindani nao si mdogo. Lushoto haiko peke yake milimani. Nyanya hutoka Ilula, kabichi hushuka kutoka Mgeta katika milima ya Uluguru, viazi mviringo hutoka kwa wingi Mbeya na Njombe, na karoti hutoka Arusha na Kilimanjaro. Mikoa hiyo yote hupeleka Dar es Salaam, na kila mmoja una msimu wake wa kumwaga. Mfanyabiashara mwenye busara anayenunua Lushoto huuliza kwanza habari za Ilula. Usambara hupata bei nzuri pale wengine wanapokosa, na miezi ya masika ndiyo yenye nafasi hiyo, kwa sababu ukungu wa majani hushambulia nyanya kila mahali na mali huadimika. Tatizo ni kwamba miezi hiyo hiyo ndiyo yenye maporomoko barabarani. Faida kubwa na hatari kubwa hukaa katika wiki zile zile.

Wapo waliojaribu kutoka katika mzunguko huo. Usambara Lishe Trust, kikundi cha wakulima wa Lushoto, kilijijengea soko la kupeleka mboga za aina nyingi moja kwa moja kwenye hoteli na maduka makubwa ya Dar es Salaam. Hoteli hainunui kwa tenga. Hununua kwa kilo, hutaka liki, letusi na brokoli zilizochaguliwa, na hukataa zilizopondeka. Mkulima hupata bei inayojulikana. Lakini hoteli hulipa kwa ankara, baada ya wiki kadhaa, na anayepeleka lazima awe na mtaji wa kumsubirisha mkulima au wa kumlipa kabla. Hapo ndipo vikundi vingi vidogo hukwama.

LUMBESA HAIJAFA

Kwa viazi, kitendawili kiko ndani ya gunia. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na kanuni zake haziruhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, una kazi ya kusimamia hilo. Hata hivyo lumbesa, lile gunia lililoshonewa kilemba cha wavu juu, bado huonekana njiani.

Mfano tena. Mnunuzi na mkulima wamepatana gunia sh. 60,000. Likiwa la kilo 100, kilo moja ni sh. 600. Likijazwa hadi kilo 140, kilo imeshuka hadi karibu sh. 429, na mkulima ametoa bure viazi vya sh. 24,000 katika kila gunia.

Wengi humlaumu mchuuzi na kuishia hapo. Ukweli ni kwamba lumbesa inalipwa na mfumo mzima. Nauli ya mzigo mara nyingi hutozwa kwa gunia. Mpagazi hulipwa kwa gunia. Ushuru vijijini mara nyingi huhesabiwa kwa gunia. Magunia 5 ya lumbesa ya kilo 140 hubeba viazi vya magunia 7 ya kawaida, na yote hayo hulipiwa kama 5. Anayejaza kilo 100 kwa uaminifu hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko mwenzake. Mpaka hapo mizani itakapokuwa kijijini, na nauli kutozwa kwa kilo, sheria itaendelea kukimbizana na sindano ya kushonea magunia.

Kuhusu ushuru, mnunuzi mgeni ajue kwamba tangu Julai 2017 kiwango cha juu cha ushuru wa mazao wa halmashauri kilishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine ukasamehewa. Ni vyema kudai stakabadhi geti la kwanza na kuitunza hadi sokoni.

MIRABA

Kilimo cha mteremkoni kinakula mtaji wake chenyewe iwapo udongo hautashikwa. Wasambaa walilijua hilo zamani. Mashamba yao yaligawanywa kwa miraba, vipande vilivyozungushiwa mistari ya majani, na chini ya migomba kulipandwa mazao mengine ili matone ya mvua yasipige ardhi moja kwa moja.

Serikali ya Waingereza ilipokuja na mpango wake wa kuhifadhi udongo baada ya Vita Kuu ya Pili, ililazimisha matuta kwa amri na faini. Wananchi waliyakataa. Kazi ilikuwa nzito, mavuno hayakuongezeka kwa kiasi cha jasho, na upinzani huo wa miaka ya 1950 uliwapa TANU wafuasi wengi milimani. Mpango ukavunjika kabla ya uhuru.

Mwaka 1981 ukaanza mradi mwingine, SECAP, kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi, ukaendelea hadi mwaka 2000. Huu ulikuja na majani ya matete na guatemala, miche ya miti, na ng'ombe wa maziwa wa kufugwa zizini. Ng'ombe ndiye aliyefanya kazi ambayo faini haikuiweza: mkulima alipanda majani kwenye kontua kwa sababu yalikuwa lishe, na maziwa yaliuzika. Anayetembea Soni au Lushoto leo ataona mistari hiyo mahali pengi. Ataona pia miteremko iliyolimwa kutoka juu hadi chini bila mstari wowote, hasa mashamba ya kukodi. Aliyekodi kwa msimu mmoja hapandi majani ya miaka kumi.

CHAI NA KIWANDA KILICHOFUNGWA

Chai ni zao la mlima lenye nidhamu kuliko mboga. Haiozi mara moja msituni, hudumu miaka mingi, na hulishika vema udongo wa mteremko. Usambara ya Magharibi ina Herkulu, Balangai, Ambangulu na Dindira. Mashariki kuna Bulwa na Kwamkoro. Lakini jani bichi lina saa zake. Likichumwa asubuhi lazima lifike kiwandani siku hiyo hiyo, la sivyo huchemka ndani ya gunia na kupoteza thamani. Hivyo mchumaji wa chai hana soko huru hata kidogo. Ana kiwanda kilicho karibu, basi.

Wakulima wa Bumbuli walijifunza maana ya jambo hilo mwaka 2013, kiwanda cha Mponde kilipofungwa kutokana na mgogoro kati ya wakulima na mwekezaji. Majani yaliendelea kuota, lakini hayakuwa na pa kwenda. Wengine waliacha mashamba yageuke vichaka, wengine waling'oa na kupanda mahindi na maharage. Serikali ilikirudisha kiwanda mikononi mwake mwaka 2016, na baadaye mifuko ya hifadhi ya jamii ikaingizwa ili kukifufua. Kichaka cha chai kilichoachwa miaka kadhaa hakirudi kuwa shamba kwa kuwasha mashine tu. Huhitaji kukatwa, kupaliliwa na kusubiriwa, na anayesubiri ni mkulima.

Bei nayo haipangwi Bumbuli wala Korogwe. Kwa miongo mingi chai ya Tanzania iliuzwa katika mnada wa Mombasa, pamoja na ya Kenya, Uganda na Rwanda. Novemba 2023 mnada ulifunguliwa Dar es Salaam, kwa nia ya kupunguza gharama za kusafirisha hadi Mombasa na kuifanya chai ya Tanzania ijulikane kwa jina lake. Mnada hustawi kwa wingi wa mali na wingi wa wanunuzi, na Mombasa ina vyote viwili tangu miaka ya 1950. Wenye viwanda wana haki ya kutazama bei za pande zote mbili kabla ya kuhama.

Upande wa Amani na Muheza kuna viungo: hiliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga. Uzuri wake kwa mchuuzi mdogo ni kwamba vikishakaushwa vizuri havina haraka. Kilo chache za hiliki hubeba thamani ya gunia zima la viazi, na zinaweza kusubiri bei kabatini. Ubaya wake ni kwamba hiliki hupenda kivuli cha msitu, na baada ya miaka kadhaa udongo huchoka na mkulima hutafuta kivuli kipya. Tangu Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilipotangazwa mwaka 1997, kivuli kipya hakipatikani kihalali. Ugavi hautapanuka kirahisi, na mnunuzi wa muda mrefu atalazimika kuwafuata wakulima wanaopanda miti yao wenyewe.

MAJI YALIYOINGIA SOKO LA HISA

Bidhaa moja ya mlima haijawahi kupakiwa kwenye Fuso. Mto Zigi huanzia katika misitu ya Usambara ya Mashariki, hupokea maji ya Kihuhwi, na huishia bahari ya Hindi kaskazini mwa Tanga. Njiani umezuiwa kwa bwawa la Mabayani, na hilo ndilo linalonywesha Jiji la Tanga pamoja na viwanda vyake.

Februari 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga ilitoa hatifungani ya kijani ya sh. bilioni 53.12, ya miaka 10, yenye riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka inayolipwa mara mbili kwa mwaka. Wawekezaji waliichangamkia kupita kiasi kilichoombwa, na mwaka huo huo ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kwa mara ya kwanza mwalimu au mwenye duka alipata nafasi ya kuweka fedha zake nyuma ya mto unaotoka Amani.

Anayeishika hati hiyo, au anayefikiria kuinunua kwa mwingine sokoni, kwa kawaida husoma hesabu za mamlaka: wateja wangapi, bili zinakusanywaje, maji yanapotea kiasi gani. Inafaa apande pia juu ya bwawa. Mto unaoshuka na matope hujaza bwawa na kuongeza gharama za kusafisha maji. Mto uliokatiwa msitu hufurika Aprili na kukauka Februari. Wanaoamua hali hiyo ni wakulima wa kandokando ya Zigi na Kihuhwi, wanaolima magimbi, mahindi na viungo hadi ukingoni kwa sababu ndipo penye unyevu. Kuna umoja wao, UWAMAKIZI, unaowashawishi wanachama waache ukanda wa miti kwenye kingo na kupanda majani ya kuzuia mmomonyoko.

Mkulima akiacha meta kadhaa za shamba lake kando ya mto, hupoteza mavuno msimu ule ule. Mwenye hatifungani hupokea riba yake kila miezi sita, mvua inyeshe isinyeshe, na mtaji wake utarudi mwaka 2034. Kiasi gani cha fedha hizo kitapanda tena hadi Amani kumfidia yule aliyeacha ukingo, hilo ni swali la kuulizwa na wenye hati wenyewe, kila taarifa ya mwaka itakapotoka.